Mwalimu Aliyefuata Mwezi hadi Kiriba

Wasikilizaji wapendwa, wa Musoma mjini, wa Bunda, wa Butiama, na ninyi mlioko mashambani mmening'iniza redio kwenye tawi, nawasalimu. Wakubwa zangu shikamooni. Wajukuu zangu, marahaba. Ni mimi bibi yenu Shida. Leo nimeambiwa nikae karibu na maikrofoni, nimekaa, lakini moyo unatembea. Mtu ninayetaka kuwakumbusha naye hakuwaga na utulivu. Huenda ameniachia tabia hiyo.

Tunamkumbuka Mwalimu Ursula Mugeta. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mwalimu Ursula Mugeta, mlezi wa wanafunzi katika chuo cha ufundi kule Nyasura, mjini Bunda. Presha ilipanda, ikawa kiharusi, akafia hospitalini Musoma. Tumemzika Butiama, kwao, jirani na zizi la baba yake.

Wengine mnaniuliza, mlezi wa chuo anafanyaga kazi gani? Mwalimu wa umeme anafundisha umeme. Mwalimu wa ushonaji anafundisha ushonaji. Mlezi yeye hafundishi. Yeye ni kujua nani hajala, nani analia bwenini, nani ameacha kuongea na wenzake, nani hajaja. Zaidi ya yote, nani hajaja. Asubuhi Mwalimu Ursula alikuwa akipita darasani, halafu karakana, hasalimii waliokaa. Anagusa kiti kitupu. "Hapa anakaaga nani?" Wakimtajia jina, ameshatoka.

Mwanawe, Clever, ni fundi pikipiki pale Musoma. Nilimuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani nyumbani. Akafuta mikono, akacheka kidogo.

"Bibi, nikwambie ukweli? Mama alikuwaga mgeni kwetu. Ugali umeshatengwa, samaki wapo, anasimama. Anasema kuna kijana wa Bugwema hajaonekana tangu Jumatatu. Anaondoka, ugali unapoa. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, lakini ili anitafute ilibidi nipotee."

"Ukapotea?"

"Nilijaribu. Alinikuta kwa shangazi. Akaniambia, wewe umeshiba, rudi nyumbani."

Hebu niwaambie hiyo ya Bugwema. Alimkuta baba wa yule kijana shambani, anachuma pamba. Mzee akamwambia, "Kijana yupo chuoni, mwalimu. Chuo cha pamba." Mwalimu Ursula hakubishana naye. Alivua viatu, akachukua gunia, akaanza kuchuma upande wa pili wa mstari. Akachuma mpaka mzee akaona haya, maana watu walikuwa wakipita njiani wakisema mzee fulani siku hizi ameajiri walimu. Kesho yake kijana akarudi chuoni.

Sasa tusogee kwa Debora. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Debora ni binti wa Kiriba, kule ziwani. Alikuja Nyasura kusomea umeme wa majumbani. Baba hayupo tena, mama yupo, wadogo zake wapo. Ni msichana wa maneno machache na mikono myepesi. Mwalimu wake wa umeme anasema akifunga waya huhitaji kuurudia. Lakini kila mwezi anapotea. Anaomba ruhusa, anasema anaumwa, anakwenda nyumbani. Anakaa huko wiki, na zaidi ya wiki. Anarudi macho mekundu, mikono imekauka. Mwezi unaofuata, vilevile. Na wasichana wengine wa upande wa ziwani ni hivyo hivyo.

Chuo kina sheria. Mwanafunzi akikosa vipindi vingi, hafanyi mtihani wa taifa. Asipofanya mtihani hana cheti, na asiye na cheti, nani atamwita afunge umeme kwenye nyumba yake? Hicho ndicho Debora alikuwa anakipoteza, kidogo kidogo, kila mwezi.

Walimu walikaa, wakafikiri. Sasa msicheke, wasikilizaji wangu. Walimu wale wengi ni watu wa bara, watu wa ng'ombe na pamba, na Mwalimu Ursula mwenyewe ni wa zizini. Wakaona: ni wasichana, wanapotea kila mwezi, wanasema wanaumwa. Basi wakajua, au walidhani wamejua. Hizo ni siku zao za kike.

Mwalimu Ursula hakulala juu ya jambo hilo. Akakisafisha chumba kilichokuwa stoo, akaweka godoro, pazia, ndoo ya maji, taulo za kike, chupa ya chai ya tangawizi. Mpaka leo kipo, na kinasaidia wengi. Akamwita Debora. "Binti yangu, ukianza kuumwa usiende nyumbani. Njoo hapa. Hakuna atakayekuuliza."

Debora akapokea kwa mikono miwili. "Asante mwalimu." Baada ya siku chache akapotea.

Hapo Mwalimu Ursula alikosa raha kabisa. Damu ya zaidi ya wiki ni ugonjwa huo. Akamshika mkono, akampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akasema huyu ni mzima, na anaweza kubeba gunia. Debora anaangalia sakafu. Mimi nilimuuliza juzi, mjukuu wangu, kwa nini hukusema? Akanijibu hivi: "Mwalimu alikuwa ameshaweka godoro, bibi. Ningemwambiaje amekosea? Halafu mama alishaahidi mbele ya mkuu wa chuo kwamba hatanitoa darasani kwa kazi za nyumbani. Ningesema, ningekuwa nimemshitaki mama."

Mkuu wa chuo, Mwalimu Stanislausi, akasema basi. Akikosa tena, jina lake halimo kwenye mtihani. Akakosa tena.

Mwalimu Ursula akapanda gari la Musoma, akashuka, akapanda lingine la Kiriba. Kapakata mfuko wenye dawa za kuongeza damu na maini ya ng'ombe, ya mgonjwa. Akaelekezwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia. Jua limeshapanda. Mchanga wote unang'aa kama bati jipya, ni dagaa, dagaa zimetandazwa kwenye nyavu kuukuu, na wanawake wameinama wanageuza. Katikati yao Debora, kanga kiunoni, anageuza kama wenzake.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

Mama Debora akainua mgongo. "Mgonjwa gani, mwalimu? Hapa kuna dagaa. Na hapo ulipo unakanyaga chakula."

Wanawake wakacheka. Mwalimu akarudi nyuma, akakanyaga nyingine. Wakacheka zaidi. Mmoja akamwuliza, "Mwalimu, wewe si mtu wa ng'ombe? Kwenu mnakamuaga lini?"

"Kila siku, asubuhi na jioni."

"Basi ng'ombe wetu sisi anakamuliwa gizani. Mwezi ukitoka anakauka."

Wa ziwani mnajua, ila wa bara niwafafanulie. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo. Taa inawaita, wanakuja. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, wavuvi wanabaki nyumbani wakishona nyavu. Kwa hiyo kipindi cha giza kila asubuhi dagaa zinashuka, na zinatakiwa zikauke siku hiyohiyo. Zikipigwa na mvua, au zikikosa mtu wa kuzigeuza, zinaoza, unawauzia wafuga kuku. Mama Debora na mgongo wake na watoto wadogo, peke yake haziwezi. Ndiyo maana giza likiingia Debora alikuwa anaumwa. Ugonjwa wake ulikuwa mwezi angani.

Clever anasema mama yake alirudi siku ile amechoka, ila hakukaa. Alitoka nje akasimama uani anaangalia juu. "Mimi miaka yote natafuta watoto wa watu kwenye vitanda," akasema, "kumbe wako pale juu wanaonekana na kila mtu."

Asubuhi akaingia ofisini kwa Mwalimu Stanislausi. Mwenyewe Stanislausi ndiye aliyenisimulia, na hakujipendelea.

"Nilimwambia, Mwalimu Ursula, chuo hakiendeshwi na mwezi. Akaniangalia. Akasema, Pasaka inaendeshwa na mwezi, na wewe Pasaka unafungaga chuo. Nikavuta ratiba mezani. Mimi ni mzee wa kanisa."

Ikapangwa hivi. Wanafunzi wa ziwani wakati wa mwezi wanashinda karakana, Jumamosi na jioni, wanafanya kazi ya mikono maradufu. Giza likiingia wanaruhusiwa kwenda, na masomo ya nadharia wanabeba nyumbani. Mwalimu wa umeme alinung'unika kwa Jumamosi zake. Mwalimu Ursula akawa anamletea viazi vya kuchemsha, anakaa naye karakana mpaka watoto wamalize, ingawa kukaa kulikuwa kunamtesa. Kila giza anakwenda Kiriba kuwaona. Sikumbuki mtu aliyekuja kuniambia alimkuta amepumzika.

Si wote walifika. Kuna msichana mmoja aliacha, akaolewa huko visiwani. Mwalimu Ursula aliendelea kumtaja kama vile ametoka tu kwenda kuteka maji.

Debora alifika. Alirudishwa kwenye orodha ya mtihani. Lakini wasikilizaji wapendwa, mtihani wa taifa hauna Mwalimu Ursula. Tarehe ilipotoka, ikaangukia kwenye giza.

Na siku zile ndipo Mwalimu Ursula alipoanguka. Upande mmoja wa mwili ukakataa. Clever alikuwa kando ya kitanda chake hospitalini Musoma. Anasema mama yake alikuwa anauliza swali moja, kwa ulimi mzito: "Mwezi umefikia wapi?" Clever akimjibu giza, mama, anatafuta viatu kwa mguu ule mzima.

Kule Kiriba, wanawake wa mwaloni walikaa. Mama Debora akawaambia, "Mwanangu ana mtihani." Hawakujadili sana. Wakagawana nyavu zake, huyu moja, huyu moja, kila mtu anageuza zake na za Debora. Debora akabaki Nyasura, akafanya karatasi ya kwanza. Akafanya ya pili. Ikabaki ile ya vitendo, kufunga nyaya ubaoni na taa iwake.

Siku mbili kabla ya hiyo ya vitendo, usiku, Mwalimu Ursula akatutoka. Na maziko yakapangwa siku ileile ya mtihani wa vitendo. Mtihani Bunda, maziko Butiama, saa ileile.

Ninyi mnajua kwetu. Mtu aliyekuhangaikia asipokuona kaburini, jina lako linabaki njiani linakanyagwa. Debora alimpigia mama yake simu analia, anasema anaacha mtihani, anakwenda kuzika. Mama yake akamwambia, "Wewe kaa hapo. Kuzika nakwenda mimi."

Usiku wa kuamkia maziko mitumbwi ya mwalo wao haikuingia ziwani. Ndivyo wanavyofanya akifa mtu wa mwaloni. Kwa mtu wa ng'ombe ilikuwa haijawahi kufanyika. Asubuhi mchanga ukabaki mtupu, na wanawake wakaja Butiama kwenye gari moja, wananukia ziwa.

Mimi nilikuwepo. Nilikaa na wanawake, na nilisikia minong'ono. "Yule binti wa Kiriba yuko wapi? Aliyemmalizia mwalimu miguu? Hata kuzika hajaja?" Maneno yalikuwa yanapita kutoka kanga hadi kanga. Clever akayasikia, akainamisha kichwa.

Wakati wa kutupa udongo, Mama Debora akatupa konzi moja. Watu wakadhani amemaliza. Akainama tena, akachukua nyingine, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayejibu swali:

"Hii ni ya Debora. Mwalimu, usiende kumtafuta. Yuko darasani."

Minong'ono ikakatika. Clever ndiye aliyelia wa kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, matokeo ya Debora bado hayajatoka. Ninachojua ni kwamba taa yake iliwaka. Mwalimu Stanislausi ananiambia ile ratiba ya mwezi itaendelea. Nimemuuliza nani atakayekuwa anakwenda Kiriba. Akasema watapanga. Mimi nitamuuliza tena wiki ijayo, na wiki ile nyingine, maana hilo halijanikalia sawa.

Kwako Clever, na ndugu zako wote wa Butiama, pokeeni pole yetu. Mama yako alitugawia muda uliokuwa wako, nasi hatuna namna ya kuurudisha. Poleni walimu na wanafunzi wa Nyasura. Poleni mwaloni Kiriba. Mungu ampokee, na ampe pa kutembea.

Na wewe uliyebaki hapo unanisikiliza, hapo ulipo, darasani, kanisani, kwenye ukoo wako, kuna mtu hajaonekana siku hizi. Umeshaamua ni kwa nini. Umemwekea na godoro. Je, umekwenda kwao ukaona?