Sentensi Aliyoiacha Mama Veturia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Chai yangu iko hapa mezani, imepoa, sijaigusa. Nawaambia mapema kwamba leo sijatulia.

Leo ni arobaini ya Mama Veturia Crișan wa mji wetu huu wa Turda. Asubuhi kanisani tumekula ngano ya marehemu, ile iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, tukasema Mungu amsamehe. Kwa aliyewasha redio sasa hivi narudia jina: Veturia Crișan, mpiga taipu wa kiwanda cha vioo, miaka themanini na sita. Aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake. Hakuwahi kukiona dukani.

Kitabu chenyewe kinahusu mji ambao kila nyumba imepewa kisanduku na serikali. Ukianza kusema, kisanduku kinakumalizia sentensi. Mwanzoni watu wanafurahi, wamepunguziwa kazi. Wachumba wanatongozana bila kuhangaika. Baada ya miaka michache mji mzima unatongoza kwa maneno yale yale, unagombana kwa maneno yale yale, unazika kwa maneno yale yale. Anabaki mwanamke mmoja, Safta, mwenye kigugumizi. Huyo kisanduku hakimwezi. Kikikaribia kubahatisha neno lake, yeye ameshabadili mawazo.

Veturia aliyaandika hayo mwaka 1983. Na mwaka huo huo ikatoka amri: kila mwenye mashine ya taipu aiandikishe polisi. Kila mwaka unaibeba mashine yako hadi kituoni. Unapiga ukurasa mzima mbele ya askari, herufi zote, tarakimu zote. Ukurasa unabaki kwenye jalada. Walijua walichokuwa wanafanya, maana kila mashine ina mwandiko wake. Ya Veturia ilikuwa na herufi R iliyoruka juu ya mstari. Ikumbukeni hiyo R.

Sasa, utapigaje taipu kwenye jengo la ghorofa nne, kuta nyembamba hivi, bila jirani kukusikia? Jibu alilipata mumewe, Bwana Traian, fundi mitambo. Kila Jumamosi watu walikuwa wakiteremsha mazulia uani, wanayatundika kwenye chuma, wanayapiga vumbi. Traian naye akateremka na zulia lao jekundu. Wenzake walipiga dakika kumi wakapanda juu. Yeye alipiga saa mbili. Juu, dirisha likiwa wazi, Veturia alipiga taipu kwa kufuata mkono wake. Traian akipumzika, naye anapumzika.

Mama Saveta wa ghorofa ya kwanza hakuweza kuvumilia.

"We Traian, hilo zulia limekukosea nini?"

"Lina vumbi, jirani."

"Vumbi gani! Wiki ijayo utakuwa unapiga hewa. Mkeo anakukatalia chakula, unakuja kumalizia hasira huku?"

"Ndiyo, jirani. Umejuaje?"

Kufikia majira ya baridi zulia lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Na kitabu kilikuwa kimekamilika, nakala nne kwa karatasi za kaboni. Tatu alizificha nyumbani. Ya nne alimwazima mwalimu mmoja wa mji jirani wa Cluj, isipokuwa sura ya mwisho. Sura hiyo alikuwa bado anairekebisha, hakutaka mtu aisome.

Polisi wakaikuta nakala ile kwa mwalimu. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Nakala moja mikononi mwa polisi, na kila ukurasa una ile R inayoruka. Na zamu ya Veturia kupeleka mashine yake kituoni ilikuwa imebaki siku nne.

Traian akachukua koleo. "Naiweka sawa hii herufi," alimwambia mkewe. "Mashine yako itakuwa kama mashine zote. Nani ataijua?"

Veturia alinisimulia mwenyewe, hapa hapa studio, miaka kumi na miwili iliyopita. Alisema: "Kitabu kizima nilikuwa napigana na kufanana. Halafu nimekaa jikoni namshikia mume wangu mashine, tunaifundisha kufanana na wenzake." Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

R ikanyooka. Wakapongezana. Watu wawili wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka ule ukurasa wa mwaka uliotangulia, uliokuwa umelala kwenye jalada unawasubiri.

Kituoni alimkuta sajini mnene, mwenye mafua. Akapiga ukurasa wake. Sajini akauweka kando ya ule wa zamani, akapenga kamasi, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ndugu Crișan, mashine hii ni yako?"

"Ni yangu, ndugu sajini."

"Mwaka jana R ilikuwa inaruka. Leo imekaa kitako. Nani kaitibu?"

"Mume wangu. Anapenda kutengenezatengeneza vitu."

"Na kuuliza kwanza hapendi? Mashine ikitengenezwa inaletwa hapa upya. Sheria hamkuisikia?"

"Tulisahau, ndugu sajini."

"Mmesahau. Basi iache hapa. Na sisi tutajaribu kukumbuka R kama hiyo tumeiona wapi."

Mchana huo huo wakapanda basi hadi kijiji cha Petrești, kwa mama yake Traian. Bibi yule alikuwa anawasha tanuri la mkate. Nakala zote tatu ziliingia humo, pamoja na sura ya mwisho. "Mkate ule niliula," Veturia aliniambia. "Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Hakufungwa. Mwalimu wa Cluj alikana kumjua, hata alipopigwa. Lakini Veturia alitolewa ofisini, akapelekwa kufunga gilasi kwenye majani makavu. Alifanya kazi hiyo hadi utawala ule ulipoanguka.

Mwaka 2007 akaruhusiwa kulisoma jalada lake. Ndani akakikuta kitabu. Waliotaka kukiua ndio waliokitunza! Kurasa mia mbili na kumi na mbili, R zinaruka, mistari imepigiwa wino mwekundu. Pembeni mtu alikuwa ameandika: "Kisanduku ni nani? Achunguzwe." Kilichokosekana ni sura ya mwisho.

"Nakumbuka ilikuwa nzuri," aliniambia. "Sikumbuki ilisema nini."

Basi akaanza kuiandika upya. Mjukuu wake, Ilinca, akamnunulia kompyuta. Bibi akaandika maneno mawili, kompyuta ikampendekezea la tatu. Ilinca anasema alimsikia kutoka chumba cha pili: "Nyamaza wewe! Sijamaliza!" Ilinca akaizima hiyo tabia. Baada ya mwezi ikajirudisha yenyewe. Bibi akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, akaenda mnadani Jumapili, akarudi na taipu kuukuu.

Na Jumamosi iliyofuata Traian akateremka uani na zulia.

"Unaenda wapi, mzee?" Veturia akamuuliza. "Hakuna anayetusikiliza siku hizi."

"Najua. Mkono umezoea."

Traian alituacha mwaka 2016. Veturia akakwama. Alikaa mbele ya mashine miezi bila kupiga hata herufi. Mwishowe akamwambia mjukuu: "Mwanangu, bila zulia siwezi kuanza." Ilinca, mhasibu wa watu, mwenye viatu vya kisigino, akawa anateremka kila Jumamosi kupiga zulia lenye tundu. Siku moja, katikati ya kupiga, akasimama kupumzika. Huko juu sauti ya taipu nayo ikanyamaza. Akaanza tena kupiga. Juu hakukuanza kitu.

Ukurasa ulikuwa bado kwenye mashine.

Mchapishaji mmoja wa mji mkuu, Bucharest, anakitaka kitabu. Lakini anataka mwisho. Amempigia Ilinca simu, kwa upole kabisa: kurasa mia mbili zinatosha, kompyuta itajifunza mtindo wa bibi na kumalizia sura. "Hakuna atakayejua," amesema. Maneno ya Traian yale yale, siku ile akiwa na koleo mkononi.

Ilinca hakulala siku tatu. Jana amemjibu. Amenipa ruhusa niseme: kitabu kitatoka na sentensi ya bibi kama alivyoiacha, au hakitoki. Mchapishaji amekata simu. Kwa hiyo hakitoki, angalau kwa sasa, na mimi nimekasirika, na sitaficha.

Ilinca, pole sana, wewe na ukoo wote wa Crișan. Bibi yako hakukosea kukuamini.

Wasikilizaji wapendwa, sentensi yenyewe ninayo hapa. Naomba muisikilize, halafu mkae nayo kidogo:

"Safta akatoka kwenye baraza, mji wote ukatulia, visanduku vyote vikawaka vikimngoja, naye akafungua mdomo, akasema"

Ni hapo tu.

Najua tayari mmeshaanza kuimalizia vichwani. Hata mimi. Yangu sitawaambia, na zenu msiniambie.