Krismasi Iliyoangukia Mwezi wa Mfungo

Kijiwe cha Nyakato kilikuwa na gogo, benchi la mbao, na birika la Mzee Seif. Mwaka ule wa Azimio, Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani, na Mzee Seif alikuwa hamimini hata tone la kahawa mpaka adhana ya magharibi. Basi watu wanakaa tu, Mwislamu, Mkristo na wa mizimu, wanatazama makaa na kubishana. Jamani, kubishana na koo kavu ni hatari! Jioni hiyo aliyekuwa kimya ni Rwegasira peke yake, seremala kutoka Bukoba, na ukimya wake ulikuwa na sababu.

Alipohamia Nyakato hakumjua mtu. Idi ya kuchinja ilipofika, Bi Sihaba, mke wa Mzee Seif, akamletea sinia la pilau, na bintiye Immaculata na wadogo zake wakala mpaka wakasinzia mikono ikiwa bado na mafuta. Rwegasira akaapa kwamba Krismasi mzee atakula kwake. Akanunua mbuzi, akamwomba mzee aje amchinje mwenyewe, kama majirani wanavyofanya ili kila mtu ale bila wasiwasi. Akamwalika mapema, chakula cha mchana, baada ya misa. Mzee akajibu, "Inshallah." Kumbe Ramadhani huhama! Hilo Rwegasira hakulijua mpaka mwezi ulipoandama, na sasa Krismasi ni kesho kutwa.

— Nimemtukana mzee, alinong'ona. Mtu amefunga, mimi namwita mezani mchana kweupe.

— Pole sana, alisema Yunus, fundi cherehani aliyeitwa Mwanasheria tangu alipotoa ushahidi mahakamani mara moja tu.

— Lakini na ninyi, mbona mfungo wenu hautulii mahali pamoja? aliuliza Rwegasira.

— Pasaka yenu inatulia? Mwaka huu ilikuwa Machi, mwakani Aprili. Nani anaifukuza?

 Miaka yote ya katekisimu, Rwegasira hakuwahi kujiuliza.

— Yote hayo ni mambo ya mwezi, alidakia Ngosha, Msukuma wa Misungwi, jina la kijiweni Redio, kwa kuwa habari ikipita kwake hutoka imeongezeka. Ndiyo maana wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

— Redio, hiyo methali haina uhusiano na mwezi!

— Mwezi uko wapi, chini?

Watu wakacheka. Rwegasira hakucheka.

— Nisaidieni, ndugu zangu. Nikimwambia asije, nimemfukuza. Nikinyamaza, nimemdhihaki. Nitamtazamaje usoni?

— Sheria ipo, alisema Yunus akijiweka sawa. Msafiri ana ruhusa ya kula, siku yake atailipa baadaye. Mpandishe mzee kwenye basi, mwende Misungwi, mkale huko.

— Misungwi ni kwetu, nitawapokea! alisema Ngosha.

— Ngoja, ngoja. Misungwi ni karibu mno. Safari ya kisheria ni ndefu. Shinyanga!

— Na mbuzi?

— Mbuzi naye apande. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, sasa wewe mwongezee kamba mpaka Shinyanga.

— Krismasi yangu ikaliwe stendi ya Shinyanga! Rwegasira alishika kichwa. Mke wangu Leonsia atanirudisha Bukoba kwa miguu!

Walikuwa wameanza kwa kunong'ona ili mzee, aliyekuwa anapepea makaa pembeni, asisikie. Sasa hata Nyegezi, mbali kule, walisikia. Ngosha akapanda juu ya gogo, macho yanang'aa.

— Dawa ni moja tu. Sikukuu zitaifishwe! Mabenki yametaifishwa, hizi zina nini? Njia kuu zote za furaha ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi! Idi, Krismasi, Pasaka, na tambiko la babu yangu, zote siku moja, pilau moja!

— Siku gani? aliuliza Yunus, naye sasa amesimama.

— Kamati itapanga!

— Na mwezi usipoonekana?

— Kamati itauona!

Gogo likayumba kwa vicheko, na Rwegasira mwenyewe nusura apone huzuni yake. Kisha akamwona mzee amenyanyua uso, akapoa ghafla. Mzee alisikia yote. Aibu iliyoje!

Hapo ndipo Bi Sihaba alipofika na kikapu cha tende za kufuturia.

— Shikamoo, mama, walisema kwa pamoja, Ngosha akishuka haraka.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kisimani. Baba Immaculata, hebu nifundishe, mimi sijui mambo ya kanisani. Nabii Isa alizaliwa saa ngapi?

— Usiku, mama. Wachungaji walikuwa wanalinda kondoo usiku, malaika wakawatokea. Ndiyo maana hata misa kubwa tunasali usiku.

— Alizaliwa usiku, mnamsalia usiku. Sasa chakula chake mnakila mchana kwa nini?

Rwegasira akamtazama Yunus. Yunus akamtazama Ngosha. Redio ikazimika. Seremala alitafuta kichwani, kwa padri, kwa katekista, kwa bibi yake mzaa baba, hakupata chochote. Walikula mchana kwa sababu walikula mchana! Akaruka juu, kofia ikamdondoka.

— Magharibi! Mzee Seif, karibu magharibi! Tutafuturu wote kwangu!

— Nilikuwa nasubiri uniambie, alisema mzee. Nilidhani umeona tabu, umeghairi. Nikaona haya kuuliza.

Rwegasira alikwisha kuingia njiani anakimbia kumwambia Leonsia, hana kofia, hana habari ya kahawa. Mzee akasimama, akamwitia kwa nguvu:

— Na huyo mbuzi asiguswe na mtu! Nakuja alasiri na kisu changu!