Karata ya Mtu Aliyefungwa Mguu

Benchi la Ushirombo, pale barabara ya Kahama inapoachana na njia ya misheni, lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na Dominiko Redio, mwenye kupata habari zote kwanza, hata zile ambazo bado hazijatokea. Na kulikuwa na Nkwabi Tajiri, mwenye duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, na majivuno ya maduara kumi. Jioni ile vumbi la ng'ombe lilielea bila haraka, kahawa ya tangawizi ikanukia, dunia ikasinzia. Katikati alikaa Sikujua, mchimbaji wa Nkwabi. Juma lililopita duara lilimfukia rafikiye Onesmo, na kesho Nkwabi alitaka Sikujua ashuke tena. Eufrasia, mpwa wa Dominiko aliyekuwa likizo kutoka chuoni Mlimani, akamtandazia karata zake za taroti, zile za picha ambazo Wazungu hupigia ramli.

— Hazitabiri kitu, alimwambia. Chomoa moja, itazame, pumua taratibu. Halafu jiulize imekuamshia nini moyoni.

Sikujua akachomoa. Mtu kafungwa mguu mmoja, ananing'inia kichwa chini, uso umetulia kama wa aliyelala, nuru imemzunguka kichwani.

— Dhahabu hiyo! Nkwabi akaruka. Kichwa kiko chini, na chini kunang'aa!

— Popo huyo, alisema Redio. Penye popo pana pango, na penye pango Mjerumani alificha mali. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Methali hiyo imeingiaje hapo, mjomba?

— Kwa mlango wa uani.

— Kumbe Mlimani siku hizi wanafundisha ramli, Nkwabi akacheka.

Damu ikamchemka Eufrasia.

— Na yule kuku uliyempasua kwa mfumu, yule mganga wako, kabla ya kufungua duara? Utumbo ulisema salama. Leo Onesmo yuko kaburini. Ramli ni ipi hapo?

— Kuku hakukosea. Mfumu ndiye alisoma vibaya.

— Nyamazeni, alinong'ona Sikujua akiwa amefumba macho. Naona maji meusi, yananibeba. Mbingu iko miguuni. Onesmo yuko ng'ambo ya mwamba, anagonga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwake.

— Anakuita! Nkwabi akapaza sauti. Kaufikia mkanda wa dhahabu!

— Hee! Hata marehemu umemwajiri? Eufrasia alimgeukia Nkwabi, kisha akashusha sauti. Kaka Sikujua, na wewe unataka nini?

— Naogopa kushuka. Nisiposhuka, wataniita mwoga.

— Mwoga huyo! Redio akadakia. Na huko chini waliopotea huwa hawafi, wanahamia mji wao. Wana taa, wana hata gulio.

— Shikamooni, wazee.

Ni Mbuke, mjane wa Onesmo, kichwa kimenyolewa kwa msiba, ametoka gengeni. Alikuwa amesimama nyuma yao kitambo, akisikia yote.

— Marahaba, mama.

— Naomba kuuliza tu. Kesho nani kati yenu anashuka naye?

Redio akazamisha pua kikombeni. Nkwabi akakumbuka goti lake, akaanza kulikanda. Eufrasia naye, pamoja na ulimi wote ule, akaanza kukusanya karata zake.

Sikujua akafumbua macho. Akamtazama Nkwabi, akamtazama Redio, kwa utulivu, kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza. Akaiweka karata kiganjani mwa Eufrasia, akajisogeza kumpisha Mbuke.

— Keti, shemeji, unywe kahawa. Kesho na mimi mtanikuta hapa hapa.