DJ wa Mtandao

Peugeot ya abiria ilipotoka Molo, kijana aliyeketi kati yangu na mzee mmoja wa suti alikuwa na headphone shingoni, waya wake ukining'inia bila kushikana na chochote. Mzee akamuuliza anasomea nini.

"U-DJ, mzee. Kwa internet. Mwalimu wangu ako London."

"London! Na mashine yenyewe umeigusa?"

"Bado. Hiyo ni practical, inakuja mwisho."

Mzee alicheka mpaka dereva akageuka. Kwetu sijaona mtu aliyejua kukamua kwa kusoma habari za ng'ombe.

"Sasa niambie, DJ," mzee akaendelea. "Kwa harusi zetu, hakuna mtu anainuka kucheza mpaka pasta akule, aombe, aende. Huyo mzungu wako amekufundisha hiyo?"

Kijana akajibu eti labda London mapasta huenda nyumbani mapema. Nikaangalia dirishani, maana aibu ilinishika mimi badala yake.

"Unaibiwa, kijana," mzee akamwambia. "Cheti ya kompyuta ni karatasi tu."

Tulipoingia Nakuru, mzee alimwomba dereva amshushe pale kwa cyber. Akafunga vifungo vya koti, akarekebisha tai.

"Naenda kuprint digrii yangu. Daktari wa Theolojia, kutoka Amerika."

"Na kanisa yako iko wapi, mzee?" kijana akauliza, kwa heshima kabisa.

"Kanisa inakuja mwisho," akasema Daktari, akaubamiza mlango.