Papa Évariste Bolamba, Mpimaji wa Joto na Kelele (1966–2025)

Papa Évariste Bolamba alizaliwa Yanonge tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa tatu wa papa Osée na mama Agathe. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alipiga kelele siku moja tu, ile aliyozaliwa. Baada ya hapo kazi yake ikawa kunyamazisha wengine.

Shule ya msingi aliisoma hukohuko. Mwaka 1980 alikuja Kisangani kwa tonton yake, yaani mjomba, akasomea umeme na kupata diplôme mwaka 1987. Kisha akajifunza ufundi wa mashine za baridi.

Tangu hapo alizunguka mji huu akipima joto na kelele ndani ya majengo: maofisi, mahoteli, vyumba vya kuhifadhia dawa. Climatiseur, yaani kiyoyozi, ikinguruma hadi watu wakose usingizi, au chumba kikiwaka moto huku mwenyewe akiapa kuwa kina baridi, aliitwa yeye. Alikuwa mkali. Mfanyakazi aliyesogelea groupe, yaani jenereta, bila kuziba masikio, alifukuzwa kama mbuzi shambani. Yeye mwenyewe sasa, lo! Kinga zake za masikio zilikaa mfukoni. Aliinama, akatega sikio karibu kabisa na mota. "Mashine iko inasema fasi inauma," alijitetea, yaani mahali inapoumwa. "Nikiziba masikio, nitasikia namna gani?"

Mwaka 1994 aliitwa kupima joto katika ukumbi wa parokia, Mangobo, maana wanakwaya walikuwa wanazimia. Kwa kujishaua akainua kipima sauti mbele ya mwimbaji mmoja, Clémence, akamwambia, "Sauti yako iko inapita groupe."

Clémence akawaka. "Alors, walikutuma kupima joto ao kupima batoto ya watu? Toka na kile kintu yako!"

Akatoka. Kwenye mazoezi yaliyofuata alirudi mikono mitupu, akaketi nyuma kabisa. Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 1995, wakajaliwa Sébastien, Olga na Chance. Nyumbani kwake sauti ya redio ilikuwa chini siku zote, na majirani wanajua alivyowagombeza. Clémence peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuimba mpaka mabati yatetemeke.

Kuanzia mwaka 2019 masikio yake yakaanza kuziba. Alikana katakata, alisema watu wa siku hizi wananong'ona. Baadaye figo zikaharibika, na mwaka huu akawa hasikii kitu chochote. Figo hakuzilalamikia sana. Kilichomuuma, na alikisema waziwazi, ni kwamba angekufa bila kuisikia tena sauti ya mke wake. Naye mama Clémence akaacha kuimba, hata kanisani. "Nitaimbia nani sasa?" alisema.

Wiki ya mwisho, hospitalini, papa alimwomba Olga amletee kipima sauti. Akakiweka kifuani, akamgeukia mkewe. "Clémence, imba." Mama alikataa. Akalia. Mwishowe akaimba, polepole kwanza. Papa hakuyaondoa macho kwenye kile kioo kidogo. Namba zilipopanda, akacheka kama kijana. "Voilà! Ingali inapita groupe."

Alifariki Jumatano tarehe 5 Novemba 2025 asubuhi, mkewe akiwa kando ya kitanda. Tangu saa ile mama Clémence hajaimba tena.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada yake, mama Annette.

Alituachia agizo moja: siku ya kumzika, vipaza sauti vinyamaze, groupe izimwe, na Clémence aimbe. Familia haimlazimishi mama. Leo inatimiza tu upande wake.

Sébastien, zima groupe.

Papa Évariste, Mungu akulaze mahali pa kimya.

Mama Clémence, tunakusikiliza.