Mkopo Tulioukataa Bila Kuusikia

Asalaam alaykum, mama zangu, dada zangu. Nimeambiwa nije niseme jambo la kutia moyo. Mie moyo wenyewe ninao nusu, kwa hivyo nitawapa nilichonacho. Na chai isipoe, kunyweni.

Wengi mnajua tulikaa hapa hapa Walthamstow, nyuma ya soko, ghorofa ya tatu. Marehemu mume wangu aliendesha basi miaka mingi mpaka flati ile ikawa yetu. Alikuwa akigonga fremu ya mlango anasema, "Mimi nikifa, mtanitoa hapa." Namkemea, yeye anacheka. Alifurahi hata kutaja kifo chake, kwa sababu pale palikuwa pake.

Kisha likaja hilo la kubomoa jengo letu. Kampuni ya ujenzi ilipata mkopo uliodhaminiwa na serikali, ijenge nyumba mpya ambazo watu wa kawaida watazimudu. Sisi wenye flati tungelipwa thamani ya zile kuukuu, na kwa kuwa haitoshi kupata mpya, kaunsili, baraza la mji, ingetukopesha kinachopungua.

Bibi mmoja wa kaunsili akaja nyumbani kutueleza. Mnatujua sie Wazanzibari, mgeni hazungumzi na tumbo tupu. Mume wangu akamwekea mandazi. Alipotamka mkopo tu, mume wangu akainua mkono: "Mama, nyumba hii riba haijaingia, na haiingii." Bibi wa watu kila akitaka kuendelea, anaongezewa mandazi. Binti yangu, aliyekuwa akitutafsiria yale maneno magumu, akasema kwa Kiingereza chao vijana, "Baba, mwache amalize." Nikamkata jicho. Baba mtu kishasema, wewe nani? Ndugu zangu, nawaambia kweli, siku ile nilijaa fahari mpaka usingizi haukuja. Yule bibi tulimfungia mandazi yaliyobaki, akaenda zake, hakurudi.

Tukapokea malipo, tukapanga nyumba Croydon, upande wa pili wa jiji, maana huku kodi hatukuiweza. Ya Croydon nayo ikayala malipo yote. Mume wangu kila akipata nguvu anapanda tramu, anapanda treni, anakuja kusimama ng'ambo ya barabara kutazama jengo jipya likipanda. Alipougua akalala kitandani, siku moja akaniuliza, "Kweli mtanitoa hapa? Kwenye nyumba ya mtu?" Tukamtoa hapo hapo. Majirani hawakumjua hata jina. Mmoja alikuja kutuomba tusogeze magari.

Nilipotoka eda, jirani yangu wa zamani akanialika khitma kwake, kwenye jengo hilo jipya. Nikamnong'oneza, "Na riba je, shoga? Unalalaje?" Akanishangaa. "Riba gani? Kile kilichopungua kaunsili ilikitia yenyewe, ikawa na fungu lake ndani ya flati hii. Siku tukiuza inachukua fungu lake, basi. Imamu alitusomea masharti yote kabla hatujatia saini."

Jamani. Nilijifungia chooni kwake nikalia mpaka khitma ikaisha. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Nafasi yetu ilikuwa imeshafungwa, na hata ingekuwa wazi, malipo tulishayala. Baada ya hapo sikutaka kuona mtu. Nilikuwa nasikia adhana kwenye simu, nabaki nimelala.

Aliyeniinua ni huyo huyo jirani. Yeye na nyinyi mliokaa nyuma, mnajijua, mlikuwa mkija mpaka Croydon na masufuria yenu, mkanifungulia madirisha, mkanigombeza nioge. Ahsanteni. Mmenitafutia chumba cha kupanga karibu na hapa. Si changu, na sitapata changu tena, msinidanganye. Lakini naamka, nakwenda kazini kutunza wazee, narudi. Binti yangu nimemwomba radhi. Alinikumbatia tu.

Sasa nisikilizeni. Wanabomoa majengo mengine, yale ya upande wa reli, na humu ndani nawaona wenye flati kule. Waliotumwa na kaunsili kuzungumza nanyi wameshaanza kupita. Sisemi mkubali. Labda masharti yenu yana riba kweli, mie sijui. Imamu yupo chumba cha pili, muulizeni. Kataeni mnachokijua. Mie wangu nishamzika.

Haya, wenye flati kule, inueni mikono nikuoneni. Mbona mnatazamana?