Mwalimu Mangasa Sitorus na Kina cha Ziwa

Mchungaji, wakwe zetu wa ukoo wa Manurung ambao heshima huanzia kwenu, ndugu wa Sitorus, na nyote mliokaa uani hapa tangu alfajiri, poleni kwa uchovu, sisi wenyewe tumechoka, na familia imenituma mimi Binsar, mpwa wake, niwasomee maisha ya mjomba wetu, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo baadhi yenu mngependa nipite haraka.

Mwalimu Mangasa Sitorus alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Lumban Silintong, ukingoni mwa Ziwa Toba, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi kijijini na sekondari Balige, mwaka 1971 akaenda Medan kusomea ualimu wa fizikia, akarudi mwaka 1975 na begi moja la nguo na sanduku la lenzi na vioo, na bibi yetu, aliyetarajia kitu cha kutia mdomoni, akamuuliza, "Mwanangu, vioo vyote hivi, tutakula sura zetu?"

Mwaka huo huo aliajiriwa sekondari ya Balige, akafundisha habari za mwanga kwa miaka thelathini na sita, kwamba miale husafiri kwa kunyooka, kwamba kioo huirudisha kwa pembe ileile iliyojia, na kwamba mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, jicho lisitambue, likaona chini ya maji ni karibu kuliko kulivyo. Kosa hilo tunalifanya sisi wa hapa kuliko wengine, kwa sababu ziwa letu ni angavu, changarawe tunazihesabu tukiwa tumesimama juu ya jiwe, na tunachokiona tunakiamini.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Lamria, binti wa Manurung, wakajaliwa watoto watatu, Togar mwaka 1979, Rosinta mwaka 1982 na Parlin mwaka 1985, na kwa desturi yetu, tangu Togar azaliwe hakuna aliyemwita tena Mangasa, hata mke wake, akawa Baba Togar, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chochote alichowahi kupewa.

Jumamosi tarehe 9 Julai 1988 alikwenda na Togar kwenye jiwe la kurukia, karibu na mahali pa kufulia, mtoto hakuwa ameweza kuogelea vizuri, akasita, baba akayatazama maji, akamwambia, "Ruka tu, hapo hayakufiki kidevuni." Yalimpita kichwa, na chini pale mwamba huteremka ghafla, baba akajitosa, lakini alipompata alikuwa amechelewa.

Majirani walikuja na faraja walizokuwa nazo, kwamba mwenye ziwa, yule roho wa majini, alimtaka mtoto, naye akawaambia, "Mwenye ziwa msimsingizie. Nilipima kwa jicho." Mama yetu Lamria alikuwepo, akayasikia maneno hayo, na tangu siku ile akamwita mumewe Mwalimu. Hakumfukuza, hakumnyima wali, hakumtukana, ila kijiji kizima kiliendelea kumwita Baba Togar sokoni na kanisani, naye akaitika, kisha akarudi nyumbani ambako jina hilo halikutajwa, na sote tulijua ndilo alilolingoja.

Kila mwaka baada ya hapo aliwapeleka wanafunzi wake kwenye jiwe lile na mwanzi mrefu, kila mmoja akakadiria kina, kisha akauzamisha mwanzi kwa mkono wake, na wote walikosea, hata wale wa alama za juu. Wanawake wa kufulia walimtania, "Mwalimu, ziwa bado halijafaulu? Mwaka huu nalo unalirudisha darasa?" naye akawajibu, "Ziwa limeshafaulu, wanaorudia ni nyinyi." Mwanzi akauacha pale, watu wakauchukua kuanikia nguo, akakata mwingine, nao ukaenda kuwa zizi la nguruwe, akakata mwingine tena. Alichoka, tulimwona, kwa kuwa kila mwaka walikuja watoto wapya na macho yaleyale, lakini jiwe lile halikuchukua mtoto mwingine.

Alistaafu mwaka 2011, mwaka 2019 figo zikamlemea, akawa anasafishwa damu hospitalini, mama Lamria akimsindikiza kila safari na kumshikia viatu, mpaka alipofariki Alhamisi tarehe 11 Mei 2023, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Jana nilipomsomea mama maneno haya, alisema, "Binsar, kila nilipotaka kumwita kwa jina lile nilimwona mtoto. Alhamisi nilishafungua mdomo, kumbe mwenzangu ameshaondoka. Mwite wewe, mwanangu, mimi limenishinda."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake mliobeba jeneza kutoka barabarani, hatuna cha kuwalipa.

Na sasa, mjomba, kwa kinywa changu lakini kwa neno la mkeo, pumzika kwa amani, Baba Togar.